Kioo cha Farol na Jicho la Dona Zulmira

Mke wangu Telma anakagua makasha ya kompyuta. Nasema kasha, lile sanduku la chuma ambamo vitu vingine vyote hufungwa: ubao mama, feni, kadi ya picha na waya zake. Kampuni humtumia kasha jipya, naye huliweka mbele ya kamera, akaunda ndani yake kompyuta nzima ya kuchezea gemu, akapima joto, akasikiliza kelele, kisha akawaambia watazamaji wake elfu kumi na nane kama linafaa au halifai. Asubuhi anauza dawa kwenye famasi ya mjini, lakini ukimuuliza anafanya kazi gani, atakueleza habari za makasha mpaka uchoke.

Mama yangu, Dona Zulmira, yaani Bi Zulmira, aliiona kazi hiyo kuwa mchezo wa mtu mzima aliyekataa kukua. Yeye alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya ukaguzi ya kiwanda cha vioo hapahapa mjini kwetu Marinha Grande, Ureno. Wanawake kumi na wawili mstari mmoja, glasi na sahani zikipita mbele yao, nao wakizitoa zenye kasoro. Baba alipofariki, mama alihamia vyumba vya chini vya nyumba yetu, akaja na sufuria zake, ufagio wake na ulimi wake. Mimi Hélder, mwanawe wa pekee, nikageuka kuwa mpaka wa nchi mbili zisizoelewana.

"Sanduku jingine tena?" mama aliuliza Jumamosi moja ya Oktoba, Telma alipokuwa akipanda ngazi na boksi linalompita kiuno. "Hizo kompyuta zako hazina pa kulala?"

"Hili ni la pekee, Dona Zulmira. Lina mlango mzima wa kioo."

"Kioo! Cha kuangalia nini?"

"Cha kuangalia ndani. Feni zinawaka taa."

"Mimi friji yangu inawaka taa ndani, lakini sijamwita mtu aje kuiangalia."

Telma alicheka, ila nilimwona akikaza taya. Miaka tisa ya ndoa, na bado hakuna hata mara moja mama alipouliza swali juu ya kazi ile akasubiri jibu.

Kasha lenyewe liliitwa Farol. Lilikuwa la kampuni changa ya kaskazini, yenye watu wachache tu, na hilo ndilo lilikuwa kasha lao la kwanza. Lingeingia sokoni baada ya siku kumi na tatu, Ijumaa saa sita mchana, na saa hiyohiyo wakaguzi wote waliotumiwa wangeruhusiwa kuachia video zao. Katika kazi ya Telma, ukichelewa siku moja umechelewa kabisa. Watu wameshaangalia ya mwingine.

Alilipenda tangu alipolitoa kwenye boksi. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikimenya karanga, na nilimsikia akiguna kama mtu anayeonja mchuzi mzuri. Chuma chake kilikuwa kizito, hakikulia kilipogongwa. Kingo za ndani zilikuwa zimesuguliwa, hazikati vidole. Chujio la vumbi lilichomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Lakini uzuri wake ulikuwa ule mlango: kioo kitupu kuanzia juu hadi chini, kinafunguka kama kabati, na bawaba zimefichwa pembeni kabisa hata usione skrubu.

"Njoo uone, Hélder. Fungua mwenyewe. Taratibu."

Nilifungua. Mimi natengeneza kalibu za kumiminia plastiki, najua kitu kilichofikiriwa na kitu kilichokurupukiwa. Kile kilikuwa kimefikiriwa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana akaanza kurekodi. Alieleza nje, akaeleza ndani, kisha akanyanyua mlango kutoka kwenye bawaba ili aonyeshe jinsi unavyotoka bila bisibisi. Ukawa na alama za vidole. Akaushusha polepole, akauegemeza kwenye kochi, ukingo wa chini ukigusa sakafu yetu ya vigae, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

Kioo kikalipuka. Sina neno jingine. Mlio wake ulikuwa kama mlio wa bunduki, na pale palipokuwa na mlango pakawa na rundo la vipande. Telma alibaki ameinama, kitambaa mkononi, mdomo wazi. Kamera ilikuwa inaendelea kurekodi.

"Sijakigonga," akasema kwa sauti ndogo. "Hélder, uliniona. Sijakigonga."

Kabla sijajibu, mama alishafika juu na ufagio. Ngazi kumi na nne, na goti lake lile.

"Nani kaumia?"

"Hakuna, mama."

"Basi tokeni hapo. Na wewe msichana, mikono yako."

Aliigeuza pande zote mbili, akaangalia kila kidole cha Telma. Hakukuta damu. Akaanza kufagia, na mimi nikajiandaa kusikia maneno. Lakini ufagio ulisimama. Mama alichuchumaa, jambo ambalo hajalifanya tangu afanyiwe upasuaji wa goti, akaokota kipande kimoja, kisha kingine, akaviweka kwenye kiganja.

"Walikwambia hiki ni kioo kilichopikwa?"

"Ndiyo, Dona Zulmira. Cha usalama. Kinachomwa kwenye tanuri kisha kinapozwa ghafla kwa upepo."

"Unanifundisha mimi?"

"Hapana, samahani."

"Kioo kilichopikwa vizuri kikivunjika kinakuwa punje. Punje za mahindi, zote sawa. Hizi hapa ni punje, sawa." Akanyoosha kidole kwenye upande mwingine wa rundo. "Na hizi je? Ndefu kama kucha za mchawi. Hizi zimetoka upande gani?"

Telma alipiga magoti pembeni yake. Wakapekua pamoja. Vipande virefu vyote vilikuwa vya upande wa bawaba, na kimoja kilikuwa bado na robo ya tundu ambamo pini ya bawaba hupita.

"Vigae vina makosa," mama akasema. "Kioo kama hiki usikigusishe kigae, kigae ni kigumu kukishinda. Hilo ni kosa lako, limeze. Lakini ulikiweka kama mtu anayelaza mtoto. Kioo kizima kingestahimili."

Kisha akachukua kizoleo, akaondoka na vipande vyote chini kwake, wala hakutuambia anavipeleka wapi.

Jumatatu Telma alipiga simu kwenye kampuni. Akapewa mhandisi, bwana mmoja aitwaye Gualter Pestana, ambaye alikuwa na adabu nyingi na haraka nyingi. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, na mama alikuwa jikoni kwetu akisingizia kutafuta chumvi.

"Ulikiweka kwenye vigae?" Gualter akauliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Basi jibu tumelipata. Tunaandika kwenye boksi, ukurasa wa pili, usikiweke kwenye vigae. Nakutumia mlango mwingine leo, usijali, hutokea."

"Bwana mhandisi," mama akasema kutoka jikoni.

Telma alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Samahani, nani huyo?" sauti ikauliza.

"Zulmira. Nimekaa meza ya ukaguzi miaka thelathini na mmoja. Hebu niambie, hilo tundu la bawaba liko umbali gani na kona?"

"Mama, hayo ni mambo ya vipimo vya..." Gualter akaanza.

"Ndiyo maana nakuuliza vipimo. Kama hujui, sema hujui, mimi nitapima kwa rula ya kushonea."

"Kioo kilipita majaribio yote, mama."

"Mlijaribu vingapi?"

"Nakutumieni mwingine," akasema, akaaga.

Mlango wa pili ulifika Jumatano. Telma angeweza kuufunga, akarekodi upya, akamaliza video yake mapema kabisa. Aliniambia hivyo mwenyewe tukiwa kwenye veranda. "Kasha ni zuri, Hélder. Ni zuri kweli. Nikiwaambia watu wasiweke kioo kwenye vigae, nimesema ukweli."

"Basi sema."

"Ndiyo. Lakini mama yako amenitia mdudu wa shaka kichwani."

Akauchukua mlango, akaukumbatia kwa mikono miwili, akashuka nao ngazi kwenda kwa mama. Sikuwahi kumwona akishuka kule bila kuitwa. Nikamfuata nyuma, maana jambo kama hilo mtu haliachi.

Mama hakushangaa. Mezani kwake kulikuwa na vipande vya Jumapili vimepangwa juu ya kitambaa cheusi, kila rundo na hesabu yake kwenye karatasi: punje ngapi kwenye eneo la sanduku la kiberiti. Upande wa katikati, nyingi. Upande wa bawaba, chache mno.

"Niuweke wapi, Dona Zulmira?"

"Hapa hapana mwanga. Kiwandani tulikuwa na meza yenye taa maalumu na lenzi, unaona kioo kilivyojikaza ndani. Bila hiyo nabahatisha tu."

"Taa ya namna gani?"

Mama akaeleza. Mwanga unachujwa, unapita kwenye kioo, unachujwa tena kwenye lenzi ya mkaguzi, na pale kioo kilipojikaza vibaya panawaka. Telma alisikiliza, akafikiri, macho yakamtoka.

"Skrini yangu inatoa mwanga uliochujwa. Skrini zote hizi bapa. Tukiiweka nyeupe tupu..."

"Na lenzi?"

Wote wawili wakanigeukia mimi. Au tuseme waligeukia kichwa changu, maana nilikuwa nimevaa juu ya nywele ile miwani yangu ya kuvulia samaki, inayokata mng'ao wa maji.

"Lete," mama akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi jioni, pazia zimefungwa, skrini kubwa ya Telma ikiwa nyeupe tupu, mimi nimeshika kioo mbele yake, na mama yangu mwenye miaka sitini na nane amevaa miwani ya mvuvi, anainamisha kichwa kushoto, kulia, kama kuku aliyeona mdudu.

"Usicheke, Hélder, utakiangusha."

"Sicheki."

"Tumbo lako linacheka. Hapo! Simama hapohapo. Ee, njoo uone, mwanangu."

Mwanangu hakuwa mimi. Alimvisha Telma miwani, akamshika kidevu na kumwinamishia kichwa. Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi.

"Kuna madoadoa, yamepangana vizuri..."

"Hayo ni ya upepo wa tanuri. Ni ya kawaida. Angalia pembeni."

"Kuna moto. Kwenye tundu la juu. Rangi zote zimejazana pale, halafu kuna mstari unakimbilia kwenye kona."

"Tundu limekaribiana mno na kona. Kioo hakikupata nafasi ya kujikaza sawasawa. Hata ukiweka juu ya godoro, siku moja utafungua mlango asubuhi, na mlango utakwenda zake."

Telma alipachika miwani mbele ya lenzi ya kamera yake na kupiga picha. Kwenye picha ile mtu yeyote angeona, hata mimi. Akaituma kwa Gualter, na chini yake akaandika mistari miwili: kwamba analipenda kasha lao, na kwamba hawezi kumwambia mtu alinunue.

Nilidhani watamjibu kwa barua ya wakili. Ijumaa, saa tano na nusu, gari dogo lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mtu mwembamba, mwenye ndevu za siku mbili na shati lililokunjamana, akafungua buti na kutoa milango minne ya kioo iliyofungwa blanketi.

"Mimi ni Gualter," akasema mlangoni. "Namtafuta mama mwenye rula ya kushonea."

Mama alimtazama toka juu mpaka chini. "Umekula?"

"Hapana, lakini nimekuja kwa ajili ya..."

"Kioo hakiozi. Kaa."

Alikuwa amepika wali wa bata, ule wa kuokwa mpaka juu unakuwa na ukoko. Gualter alikula sahani ya kwanza kwa adabu, na ya pili kwa njaa. Alituambia kwamba wako watano tu kwenye kampuni, kwamba wameuza gari la mmoja wao ili walipie chuma, kwamba wiki nzima hajalala vizuri. Mama alisikiliza huku akimwongezea soseji. Alipomaliza, akafunga pazia.

Wakapima milango minne. Mmoja ulikuwa safi. Wa pili, mama alikunja uso, akasema unapita lakini asingeununua. Wa tatu na wa nne ilikuwa na moto uleule, mstari uleule wa kukimbilia kona.

Gualter alivua miwani yangu ya kuvulia akakaa kwenye kiti. "Mchoro wa kwanza tundu lilikuwa ndani zaidi," akasema. "Bawaba ilionekana kidogo. Mimi ndiye niliyelisogeza, ili isionekane. Nilitaka mtu aone kioo tu, bila kitu kingine."

Nilimhurumia, kazini kwetu nimeshasogeza tundu langu mwenyewe mara moja au mbili.

"Na umefanikiwa," Telma akamwambia. "Ni mlango mzuri kuliko yote niliyoishika. Sogeza tundu, bawaba ionekane. Nani atakufa?"

"Ikionekana kuna ajabu gani?" mama akadakia. "Bawaba! Mlango wa kanisa una bawaba zinaonekana kutoka barabarani, na watu wanaingia."

Gualter akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alitoka uwani kupiga simu. Kupitia dirishani tulimwona akitembea kuzunguka vyungu vya maua vya mama, mkono mmoja hewani, akibishana na wenzake. Aliporudi alisema wameahirisha. Wiki tano. Wakaguzi wote wangeandikiwa siku hiyohiyo, na sababu wangeambiwa.

"Video yako usiifiche," akamwambia Telma. "Hata ile ya mlipuko."

"Sikuwa na mpango wa kuificha."

"Najua. Nasema tu ili nilale."

Akaondoka na bakuli la wali kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda wa usalama.

Makasha mapya yalikuja mwishoni mwa Novemba. Bawaba zilionekana, mbili, nyeusi, na kusema kweli ziliyapendeza. Telma alitaka mama aonekane kwenye video. Mama akakataa siku tatu. Siku ya nne akarudi kutoka saluni nywele zimewekwa, amevaa sweta yake ya bluu ya kuvalia harusini, akauliza kiti chake kiko wapi.

Walirekodi saa nne mfululizo. Telma alijenga kompyuta, akapima joto, akaeleza kwamba nafasi ya waya nyuma ni finyu na feni ya chini inalia kidogo ikikimbia sana. Mama alikagua kioo kwa miwani yangu na kuwaeleza watazamaji punje na kucha za mchawi. Mabishano yalikuja kwenye alama.

"Nane juu ya kumi," Telma akasema.

"Saba."

"Kioo si umesema ni safi?"

"Kioo nakipa tisa. Lakini hiyo feni inakoroma kama marehemu mume wangu. Saba."

"Feni inabadilishwa, Dona Zulmira."

"Na yeye pia angebadilishwa!"

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera na nikashindwa kujizuia. Kicheko changu kinasikika kwenye video mpaka leo. Hawakukubaliana. Wakaweka alama zote mbili, na watu wakagawanyika huko chini kwenye maoni, wengine wa nane, wengine wa saba, wakitaniana siku nzima. Gualter aliandika kwamba feni wanaishughulikia, na kwamba angependa kujua siri ya ule ukoko.

Wiki moja baadaye simu ya mezani iliita kule chini. Mimi na Telma tulikuwa tumekaa kwa mama tukisubiri supu ya kabichi. Mama alipokea, akasikiliza, akashika ukingo wa meza.

"Deolinda? Deolinda wa kiti cha tano?"

Deolinda alikuwa amekaa kando yake kwenye meza ya ukaguzi miaka ishirini, kisha akahamia Ufaransa kwa binti yake, na namba za simu zikapotea kama zinavyopotea. Mjukuu wake wa kike alikuwa akitafuta kasha la kununua. Deolinda alikuwa chumba cha pili akipiga pasi, akasikia sauti ikisema "kucha za mchawi", akaacha pasi juu ya shati; namba yetu mjukuu aliitafuta mtandaoni.

"Limeungua?" mama alikuwa akiuliza, machozi yakimtoka huku anacheka. "Limeungua kabisa? La nani? La mkweo? Basi si neno!"

Alituonyesha kwa mkono kwamba supu iko jikoni, tujipakulie. Telma akainuka, akachukua mabakuli, akakata mkate wa mahindi. Tulikula tukimsikiliza mama akiuliza habari za wale wanawake kumi na wawili, mmoja mmoja, kiti kwa kiti: nani yuko hai, nani kaolewa tena, nani bado ana jicho.

"Mimi?" akasema mwishoni, akitutazama. "Mimi nafanya kazi, Deolinda. Nafanya kazi na mkwe wangu. Tunakagua makasha."